Mchanga Kwenye Ulezi wa Mama Rhoda

Wakati wa likizo, kazi za Edith hazikubadilika: kufagia uwanja, kuchota maji bombani na kumchunga mdogo wake Kristiana asiingie jikoni kuramba sukari. Waliishi Malangali, katika mji wa Sumbawanga, mahali ambapo nyumba za matofali ya kuchoma zinapakana na mashamba ya mahindi. Mwezi wa Julai upepo wa Ufipa hauna adabu. Unaingia ndani ya sweta bila kubisha hodi, na maji ya asubuhi yanauma vidole mpaka mtu anatamani kulia. Edith alikuwa na miaka kumi na miwili, na kama kulikuwa na kitu alichokichukia kuliko hesabu za sehemu, basi ni maji hayo.

Likizo ile haikuwa ya raha sana nyumbani kwao. Bibi Albina, mama yake baba, alikuwa ametoka hospitali baada ya kulazwa kwa homa ya mapafu. Kikohozi kilikuwa kimepungua, lakini hamu ya kula haikurudi. Jovina, mama yake Edith, alimpikia wali, Bibi akaonja na kuisukuma sahani. Akamchemshia kuku, Bibi akanywa supu vijiko viwili na kugeukia ukutani. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba dawa zimemaliza kazi yake, kilichobaki ni kula. Kila sahani iliyorudi jikoni ikiwa imejaa ilimwongezea Jovina wasiwasi.

Hatimaye Bibi mwenyewe akasema anachokitaka.

"Nipikieni ugali wa ulezi," alisema. "Ule mweusi, na maharage ya karanga. Huo nitaula."

Ulezi wao wa mwaka jana ulikuwa umekwisha, na wa mwaka huu ulikuwa bado shambani. Jovina alianza kufikiria ataupata wapi. Lakini jioni ileile Mama Rhoda alikuja kumjulia hali mgonjwa. Mama Rhoda na mume wake, mzee Ngeleja, walikuwa wamepanda na ng'ombe wao kutoka Mtowisa, kule chini kwenye joto la bonde la Ziwa Rukwa, wakahamia Malangali. Binti yao Rhoda alisoma darasa moja na Edith, na wawili hao walikuwa hawaachani. Mama Rhoda alijifunza kulima ulezi kwa kuwatazama majirani, na mwaka huu alikuwa amevuna kwa mara ya kwanza. Aliposikia Bibi anataka nini alirudi kwake haraka, akaja na kiroba kilichofungwa kwa kipande cha kanga, akakiweka kando ya kitanda kwa mikono miwili.

"Ndio mavuno yangu ya kwanza," alisema. "Nimeupura juzi, bado haujaoshwa. Lakini nimeona mgonjwa asingoje."

Jovina alishukuru mpaka akakosa maneno.

Watoto wa Ufipa wanajua kwamba ulezi haupikwi vivi hivi. Unapurwa chini, kwenye uwanja wa udongo, na punje zake ni ndogo mno, kwa hiyo mchanga huchanganyika nao hata mpuraji awe makini namna gani. Ungo huondoa makapi tu. Mchanga unaondolewa kwa maji: unamimina ulezi kwenye beseni, unauzungusha kwa mkono, punje zinapanda juu na mchanga unazama. Unazichota punje kidogo kidogo, unabadilisha maji, unarudia tena na tena. Kisha unauanika juani na kuulinda, maana kuku wa Malangali nao wanaupenda ulezi.

Bibi Albina alikuwa na sheria yake juu ya hilo. Aliyeosha ulezi lazima atafune punje chache kabla hazijapelekwa mashineni. Na siku ya kula, aliyeosha ndiye anayekula tonge la kwanza, wengine wakimtazama. Edith na Kristiana walikuwa wamelelewa na sheria hiyo.

Jumamosi asubuhi Jovina alikwenda shambani, akamwachia Edith kazi ya kuosha nusu ya ulezi ule na kuusagisha. Edith alijaza beseni maji, akatumbukiza mkono, akautoa upesi. Akaupuliza. Mawazo yake, hata hivyo, hayakuwa kwenye beseni. Mchana wasichana wa Malangali walikuwa wanacheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wasichana wa Katandala, na Rhoda alikuwa amemwambia kwamba bila yeye watafungwa. Kama angeosha, angetakiwa kukaa uwanjani kufukuza kuku mpaka ulezi ukauke. Rede ingempita.

Alifungua kiroba akatazama ndani. Ulezi ulikuwa mwekundu, unang'aa, hauonyeshi mchanga hata kidogo. Alichota nusu yake akautia kwenye ndoo, akamshika mdogo wake mkono.

"Dada, hatuoshi?" aliuliza Kristiana, ambaye alikuwa na miaka sita na macho yasiyopitwa na kitu.

"Umeshaoshwa huko ulikotoka," Edith alijibu. Alipoona mtoto bado anamtazama, akamwahidi ukoko wote wa ugali wa kesho. Kristiana alikubali mara moja. Kwa ukoko, Kristiana angeweza kunyamaza hadi Krismasi.

Walipitia mashineni, wakauacha unga kwa mama wa duka jirani, wakaenda kwenye rede. Malangali walishinda. Jua lilipoanza kushuka walirudi nyumbani na unga, na Bibi akaita kutoka chumbani.

"Umeosha vizuri, mjukuu wangu?"

"Nimeosha, Bibi."

"Umetafuna?"

"Nimetafuna."

Siku ile ilikuwa na jua na upepo, kwa hiyo Bibi hakushangaa ulezi kukauka upesi. Alimwita mjukuu wake mchapakazi, akalala. Edith aliliona neno hilo zito, lakini alijiambia kwamba ulezi ulikuwa safi na hakuna aliyeumia.

Jumapili, baada ya misa, Bibi alitoka kitandani kwa mara ya kwanza. Alijifunga shali, akaketi kwenye kigoda karibu na jiko, akasema leo atawafundisha wajukuu kusonga ugali wa ulezi kama alivyofundishwa yeye. Jovina alifurahi sana kumwona amekaa pale. Alishughulika na maharage, akawaachia watoto sufuria. Bibi aliwaelekeza kwa sauti ndogo: kwanza uji mwepesi, uachwe utokote, kisha unga uongezwe kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka. Aliwaonya wasiufanyie haraka, maana ulezi unanata na ukishajifunga mabonge hausikii tena mwiko.

Edith alisonga. Mwiko ulipopita chini ya sufuria aliusikia ukikwaruza, kwaru, kwaru, kama mtu anayetembea kwenye changarawe.  Akasonga kwa nguvu zaidi, labda sauti ile ingekwisha, lakini haikuisha.

Ugali ulipakuliwa, mweusi, unatoa moshi. Wote walinawa. Bibi akamwambia Edith ale tonge la kwanza, kama ilivyo desturi, na wote wakamtazama. Edith alikata tonge, akachovya kwenye mchuzi wa maharage, akatia mdomoni. Mchanga ulilia kati ya meno yake. Aliusikia mpaka masikioni. Alitaka kutema, lakini Bibi alikuwa anamtazama kwa matumaini na Mama alikuwa anatabasamu. Edith akameza.

"Mtamu," alisema.

Bibi akala. Alitafuna mara moja, akasita, akatafuna tena polepole, uso ukiwa umebadilika. Kisha akaliweka tonge lililobaki kwenye ukingo wa sahani.

"Nadhani meno yangu yamefika mwisho," alisema kwa upole. "Hata ugali sasa unanishinda. Msinione vibaya, wanangu. Nirudisheni kitandani."

Jovina alimrudisha Bibi kitandani, akarudi jikoni na kukata tonge lake. Hakutafuna mara mbili. Alitoka nje akatema, akarudi akiwa na hasira usoni.

"Huu ni mchanga. Edith, uliosha?"

"Niliosha, Mama."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi."

Kristiana alikuwa amekwisha kupewa ukoko wake. Aliutafuna, akakunja uso, akauliza kwa nini ukoko wa leo una mawe. Kisha akamtazama dada yake, akakumbuka ahadi, akanyamaza. Hakuna aliyemjali.

Jovina hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa amechoka, alikuwa na hofu juu ya Bibi, na hofu ikikosa pa kwenda humwangukia mtu aliye karibu. Alisema ulezi uliooshwa mara nyingi na bado ukawa hivi, basi haukuwa ulezi, ulikuwa takataka zilizofagiwa uwanjani. Alisema watu wa bondeni wamezoea mpunga na ng'ombe, ulezi wataujulia wapi. Alisema kama Mama Rhoda hakuwa na kitu cha kumpa mgonjwa, angekuja mikono mitupu tu, wangemkaribisha. Mwishowe akakifunga kile kiroba chenye nusu iliyobaki, akamtwisha Edith.

"Mrudishie. Mwambie asante, tumepata wetu."

Kumrudishia mtu alichomletea mgonjwa ni kumwambia usije tena kwangu. Edith alilijua hilo. Alijua pia kwamba neno moja kutoka kwake lingetosha kukishusha kiroba kile kichwani. Alikishika kiroba vizuri kwa mkono mmoja. Akatoka.

Nyumba ya mzee Ngeleja ilikuwa upande wa pili wa mashamba, yenye zizi kubwa pembeni. Njia nzima Edith alipanga maneno na kuyapangua. Rhoda alimwona kwa mbali akamkimbilia.

"Mambo, Edi. Wale wa Katandala wanasema tuliwaibia," alisema huku akicheka. Kisha akakiona kiroba, akaacha kucheka.

Mama Rhoda alikuwa ameketi nje akitikisa kibuyu cha maziwa. Edith alimwamkia, akatua mzigo, akatoa ujumbe bila kumtazama usoni. Mama alisema asante. Mama alisema wamepata wao.

Kibuyu kiliacha kutikisika. Mama Rhoda alikitazama kile kipande cha kanga yake, kimefungwa fundo ambalo si lake.

"Bibi amekula?" aliuliza.

"Hapana. Ulikuwa na mchanga."

Edith alitarajia kukaripiwa. Angekaripiwa, angalau angekuwa na sababu ya kukasirika naye. Mama Rhoda hakukaripia. Alisimama, akamtuma Rhoda alete beseni na maji.

"Kosa ni langu," alisema. "Ningeuosha mwenyewe kabla ya kumletea mgonjwa. Nilikuwa na haraka afurahi. Ngoja niuoshe huu sasa hivi, uende nao, umwambie mama yako aniwie radhi."

Akamimina ulezi kwenye beseni, akakunja mikono ya nguo, akaizamisha ndani ya maji yaleyale ambayo Edith aliyakimbia. Upepo ulikuwa unavuma. Vidole vyake vilibadilika rangi, lakini aliendelea kuzungusha na kuchota. Rhoda alisimama akimtazama mama yake, amenuna, maana na yeye alikwisha kuelewa kwamba mama yake amedharauliwa. Chini ya beseni mchanga ukaanza kujikusanya, mwembamba, wa kahawia.

Edith hakuweza tena kuvumilia kuiona mikono ile.

"Mama Rhoda, acha," alisema, na machozi yakamtoka. "Mimi sikuosha. Nilikwenda kwenye rede. Nikasema nimeosha."

Mama Rhoda alitoa mikono kwenye maji, akaikausha polepole kwenye kanga yake.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi hukupaswa kuanzia kwangu. Mimi najua ulezi wangu ulivyo. Anayenifikiria vibaya ni mama yako. Nenda ukamwambie yeye, kisha tutaongea."

Edith aligeuka kwenda. Alidhani Rhoda hatamuaga hata kidogo, na asingemlaumu. Lakini aliposogea hatua chache alisikia miguu nyuma yake. Rhoda alikuwa bado amenuna. Alimsindikiza hadi katikati ya mashamba bila kusema neno, halafu akasema, "Nenda. Usipomwambia, nitajua," akarudi kwao.

Nyumbani, Jovina alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Bibi. Edith aliingia, akasimama mlangoni, akasema yote kwa mfululizo kabla ya woga kumzuia: maji ya baridi, rede, ukoko wa Kristiana, tonge alilolimeza. Kristiana alikuwa nyuma yake, na kila lilipotajwa jambo aliitikia kwa kichwa, amefurahi kwamba siri imekwisha na hailindi tena.

Jovina hakupiga kelele. Alijishika mashavu kwa mikono miwili.

"Nimemrudishia mwenzangu zawadi ya mgonjwa," alisema. "Nimemsema na watu wa kwao."

 Kisha ikasikika sauti ambayo hawakuisikia tangu Bibi augue. Bibi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akafuta macho.

"Kumbe ni mchanga," alisema. "Mimi nilidhani ni meno. Nimelala hapa nawaza nitaishi kwa uji mpaka nizikwe. Kumbe ni mchanga tu."

 Edith bado alikuwa na aibu, na alijua adhabu inakuja, lakini pumzi ilikuwa inaingia na kutoka vizuri kwa mara ya kwanza tangu jana. Adhabu kweli ilikuja: hakuna rede mpaka shule ifunguliwe. Hata hivyo Jovina alianza na lake mwenyewe. Alijifunga kanga, akamshika Edith mkono, wakarudi pamoja kwa Mama Rhoda jua likiwa bado juu.

Edith hakusahau alichokiona huko. Mama yake, mtu mzima, alisimama uwanjani mwa jirani akakiri kwamba alisema maneno asiyokuwa na haki ya kuyasema, na kwamba alimhukumu mtu kwa kule alikotoka. Hakumtupia mtoto lawama. Mama Rhoda alimsikiliza hadi mwisho, akamvutia kiti, akamwambia yamekwisha. Waliongea maziwa yakitikiswa, na kabla ya kuagana walikubaliana kwamba kesho ulezi utaoshwa na kupikwa kwa Jovina, na watakuwa pamoja wote.

Kesho yake ilikuwa Saba Saba na jua lilitoka mapema. Mabeseni yalipangwa uwanjani. Jovina na Mama Rhoda walikaa upande mmoja, Edith na Rhoda upande mwingine, na Kristiana akapewa fimbo ya kuku. Maji yaliuma vilevile. Edith aliuma meno, akazungusha, akachota, akabadilisha maji. Rhoda alikuwa hamsemeshi sana mwanzoni, lakini vidole vyao vyote vilipokufa ganzi, akamrushia Edith maji usoni, na Edith akajua kwamba wamepatana. Ulezi ulipokauka, kabla haujapelekwa mashineni, kila mmoja alitafuna punje chache. Hata Kristiana alitafuna, ingawa alichokiosha ni fimbo tu.

Na ule unga wenye mchanga, Bibi alikataa katakata umwagwe. Aliagiza ukorogwe kwenye maji mengi na kuachwa utulie. Mchanga ulipozama, maji mazito ya juu yalimiminwa taratibu kwenye sufuria nyingine, yakapikwa uji. Wote walikunywa uji huo wakisubiri maharage yaive, na ulikuwa laini kabisa.

Alasiri Bibi alirudi kwenye kigoda chake. Edith na Rhoda walishika mwiko kwa zamu, maana ugali wa ulezi ni kazi ya mikono yenye nguvu, na Kristiana aliruhusiwa kuongeza unga kwa kikombe. Bibi aliwazomea kidogo, akawasifu kidogo. Edith alitega sikio chini ya sufuria. Mwiko ulipita kimya.

Ugali ulipoketi mezani, wote walimgeukia Edith. Alikata tonge, akalitafuna bila kuchovya popote, taratibu, akitafuta. Hakukuwa na chochote ila ladha ya ulezi.

"Hauna mchanga, Bibi," alisema.

Safari hii Bibi hakuuliza mara ya pili. Alikata tonge, akachovya, akala. Akakata jingine. Jovina alikuwa ameacha kula, anamtazama tu. Mama Rhoda alitazama pembeni, akajifanya ananyoosha kanga, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa. Bibi alikula mpaka sehemu yake ikaisha, akafuta mkono, akamwita Edith akae karibu naye.

"Nikuambie kitu, na wenzako wasikie," alisema. "Mchanga kwenye ulezi si kosa la mtu. Unatoka ardhini, nasi tunalima ardhini. Hata kukimbia maji ya baridi, mimi nilipokuwa mdogo niliyakimbia. Lakini ulipousikia mchanga menoni, ulijua. Ulimeza, ukasema mtamu, na pale mzigo wako ukaenda kichwani kwa Mama Rhoda, na mimi nikaenda kulala na njaa. Siku nyingine ukisikia mchanga, tema, useme. Tutaosha tena. Hakuna ulezi usioweza kuoshwa tena."

"Ndiyo, Bibi," Edith alisema, na alimaanisha.

"Haya. Ugali umebaki?"

Jovina aliinuka haraka kama aliyeitwa jina, akaenda jikoni. Akarudi na sufuria mkononi, akicheka, Kristiana akimfuata ubavuni. Ndani ulikuwa umeketi ukoko mmoja mkubwa, na pembeni yake mkono wa Kristiana, umenaswa.

"Wa leo hauna mawe," Kristiana aliwaarifu, akaumega katikati, akampelekea Bibi nusu kubwa.